Kauli za Vitenzi katika Habari za Nyumbani: Mifano kutoka Eldoret

UTANGULIZI

Sarufi nyingi za Kiswahili hufundisha kauli za vitenzi kwa njia ya jedwali. Mwanafunzi hupewa mzizi mmoja, kisha hutakiwa kuunyambua: piga, pigwa, pigia, pigiwa, pigika, pigisha, pigana. Jedwali hilo lina manufaa yake, kwani humwonyesha mwanafunzi jinsi lugha yetu inavyoweza kupata maneno mengi kutokana na mzizi mmoja. Hata hivyo, jedwali huacha swali moja bila jibu: msemaji anapokuwa na kauli zote hizo mkononi, ni jambo gani linalomfanya achague hii na kuiacha ile?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuchunguza mazungumzo ya aina moja tu, nayo ni habari ndogo ndogo za nyumbani ambazo marafiki na majirani hupeana kila siku: mtoto amezaliwa, binti ameolewa, kazi imekwisha, maziwa yamemwagika, ufunguo umepotea. Habari za namna hii mara nyingi huonekana kuwa ni porojo zisizostahili kuchunguzwa. Itaonyeshwa hapa kwamba ndani yake mna utaratibu madhubuti, na kwamba kauli ya kitenzi ndiyo inayoamua ni nani atabeba lawama, ni nani ataonewa huruma, na kama ujirani utaendelea.

ELDORET NA KISWAHILI CHAKE

Mji wa Eldoret unafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu majirani wake wengi hawana lugha moja ya mama. Mji ulianza mwaka 1910, ilipofunguliwa posta katika shamba lililokuwa na nambari 64. Nambari hiyo ya Kiingereza ilitamkwa na wenyeji kwa namna yao ikawa Sisibo, na jina hilo la utani bado linasikika. Jina rasmi la Eldoret lilitolewa mwaka 1912. Reli ilifika mwaka 1924, na baadaye vikafuata viwanda, hasa vya nguo na vya maziwa. Chuo Kikuu cha Moi kiliundwa mwaka 1984 karibu na mji huo, na mwezi Agosti 2024 Eldoret ikapewa hadhi ya jiji.

Kwa hiyo katika mitaa kama Langas, Huruma, Munyaka na Kapsoya, mlango wa Mnandi huweza kutazamana na mlango wa Mluhya, na ukuta wa Mkikuyu kugusana na wa Mkeiyo. Kinandi na Kikeiyo ni katika lugha za Kikalenjin, zilizo katika jamii ya Kiniloti. Kiluhya na Kikuyu ni lugha za Kibantu. Bibi mzaa mama huitwa kogo katika nyumba hii, kukhu katika nyumba ile, na cucu katika nyumba ya tatu. Lakini ufunguo ukipotea, habari zake hutolewa uani kwa Kiswahili. Kiswahili hicho si cha Mombasa wala cha Unguja, na pengine hukiuka upatanisho wa kisarufi. Lakini katika matumizi ya kauli za vitenzi kina ustadi wake, kama itakavyoonekana.

SALAMA KWANZA, HABARI BAADAYE

Kabla ya kufikia vitenzi vyenyewe, yafaa kuangalia namna habari inavyofunguliwa. Mtu akiulizwa habari za nyumbani, hujibu kwanza kuwa ni nzuri au ni salama, hata kama usiku mzima hakulala. Ndipo huongeza neno moja dogo: ila, isipokuwa, au lakini.

(1) - Habari za asubuhi, jirani?
    - Salama tu, ila mtoto alishindwa kulala.

Mgeni wa lugha huweza kudhani kwamba jibu la kwanza ni uongo. Si hivyo. Neno salama katika nafasi hiyo halielezi hali ya mtoto. Linaeleza hali ya ujirani. Msemaji anasema kwamba kati yake na mwulizaji hakuna ubaya, na kwa kuwa hakuna ubaya, sasa anaweza kumwambia shida yake. Neno ila ndilo mlango. Asiye rafiki huishia kwenye salama. Rafiki huingizwa ndani hadi kwenye ila.

KAULI YA KUTENDEKA: KIKOMBE KIMEVUNJIKA

Msiba mdogo wa nyumbani kwa kawaida husimuliwa kwa kauli ya kutendeka, au kwa kitenzi kingine kisichohitaji mtendaji.

(2) Kikombe kimevunjika.
(3) Maziwa yamemwagika.
(4) Stima imepotea.

Mfano wa (4) ni wa bara Kenya. Mtanzania angesema umeme umekatika. Tofauti iko katika msamiati tu, kwani sentensi zote mbili hazimtaji mtu yeyote. E. O. Ashton, katika sarufi yake iliyochapishwa mwaka 1944, alikwisha kuonyesha kwamba kauli hii hueleza hali bila kumfikiria mtendaji, na hapo ndipo inapotofautiana na kauli ya kutendwa. Tukio limeonekana; mkono uliolitenda haukuonekana.

Hata hivyo, haitoshi kusema kwamba kauli hii huficha mtendaji. Lazima iulizwe ni nani anayemficha nani. Na ichukuliwe kwamba mgeni amekaribishwa chai, na kikombe kikamponyoka. Mazungumzo ya kiungwana baina yake na mwenyeji wake huwa hivi:

(5) Mgeni: Jamani, nimevunja kikombe chako. Samahani.
    Mwenyeji: Aa, kimevunjika tu. Si kitu.

Tukio ni moja, lakini vitenzi ni viwili. Mgeni anatumia kauli ya kutenda na kujitaja kuwa ndiye kiima. Mwenyeji analichukua tukio hilo hilo, analigeuza kuwa la kutendeka, na kumwondoa mgeni katika sentensi. Huo ndio msamaha, nao umetolewa kwa viambishi. Sasa na wabadilishane vitenzi hivyo:

(6) Mgeni: Kikombe kimevunjika.
    Mwenyeji: Umekivunja.

Hakuna kosa la sarufi katika (6), na yaliyosemwa yote ni kweli. Lakini ujirani umeingia ufa. Mgeni amejisamehe mwenyewe kabla ya kusamehewa, na mwenyeji amelazimika kudai kile ambacho alipaswa kupewa. Kutokana na mifano hii miwili inapatikana kanuni ya matumizi ambayo haimo katika jedwali la mnyambuliko: aliyetenda hutumia kauli ya kutenda, aliyetendewa ndiye mwenye haki ya kuigeuza kuwa ya kutendeka.

KAULI YA KUTENDEWA: ALIYEFIKIWA NA JAMBO

Kauli ya pili ni ile ya kutendewa, ambayo humweka mbele mtu aliyefikiwa na jambo.

(7) Nimeishiwa na unga.
(8) Nimenyeshewa.
(9) Gari limemharibikia njiani; yaani, ameharibikiwa.
(10) Jirani amefiwa na babake.

Kitenzi kuisha ni cha unga, lakini kuishiwa ni kwa mama aliyesimama mbele ya debe tupu. Kunyesha ni kwa mvua, lakini kunyeshewa ni kwa mtu. Lugha inachukua tukio lisilomjua mtu na kumtafutia mwenyewe. Mfano mzito kuliko yote ni (10). Kufa humhusu mtu mmoja, naye hawezi tena kuzungumza. Kufiwa huwahusu waliobaki, na wao ndio wanaohitaji kutembelewa. Lugha nyingi huhitaji maneno kadhaa ili kulieleza jambo ambalo Kiswahili hulieleza kwa kitenzi kimoja.

Ni vizuri kukumbuka kwamba bara mtu huweza kusema pia mvua imeninyeshea au gesi imeniishia. Hapo mtu ni yambwa, siyo kiima. Habari ni ile ile, lakini mkazo umehama: katika nimenyeshewa anayeonekana kwanza ni mtu aliyelowa, ilhali katika mvua imeninyeshea inayoonekana kwanza ni mvua.

Kauli hii hutumika pia katika habari za furaha. Badala ya kusema fulani amezaa, ambako watu wengi hukuona kuwa kukavu, husemwa kwamba amejaliwa mtoto. Mjalia hatajwi, kwani anajulikana. Kadhalika, tangu siku hiyo mama huyo hubadilika jina uani, akawa Mama Fulani kwa jina la mwanawe.

KAULI YA KUTENDANA: JAMBO LA WAWILI

Mabadiliko ya ndoa yanahitaji uangalifu zaidi. Kwa desturi mume huoa na mke huolewa. Siku hizi husikika sana kwamba wameoana, na kauli hiyo ya kutendana huwapa wote wawili nafasi sawa. Umuhimu wake hudhihirika zaidi ndoa inapovunjika:

(11) Amemwacha mkewe.
(12) Ameachwa.
(13) Wameachana.

Sentensi ya (11) inamshtaki mume. Ya (12) inamwonyesha mke kama kitu kilichotupwa. Ya (13) haimhukumu yeyote. Rafiki mwenye busara, akiulizwa mbele za watu, huchagua (13), hata kama nyumbani amekwisha kuambiwa yote. Vivyo hivyo, aliyefutwa kazi husemewa na rafiki zake kwamba kazi yake iliisha. Hawadanganyi, wanamwachia mwenyewe uamuzi wa kutumia kitenzi kilicho kikali zaidi, akitaka.

NENO POLE

Mazungumzo haya yote hupokewa kwa neno moja, pole, au poleni kwa watu wengi. Neno hili lina uhusiano na upole na polepole, na liko karibu pia na kitenzi kupoa. Ndiyo maana mtu huweza kulijibu kwa kusema nimeshapoa. Wanafunzi waliozoea Kiingereza hulitafsiri kwa neno ambalo katika lugha hiyo hutumika pia kwa kuomba radhi, na hapo huchanganyikiwa. Pole haikiri kosa. Anayetaka kukiri kosa husema samahani, au niwie radhi. Pole husemwa na mtu ambaye hakuhusika kabisa na kuvunjika kwa kikombe, naye huisema kwa sababu hakuhusika, lakini anajali.

Kwa hiyo kuna kosa moja ambalo laweza kutendwa kwa neno hili. Mtu aliyetenda akisema pole badala ya samahani, anajihesabu miongoni mwa wapita njia.

MIPAKA YA KUTENDEKA

Hadi hapa mifano imekuwa ya vikombe na maziwa. Lakini watu waliozoea kuzungumza kwa utaratibu fulani juu ya mambo madogo huelekea kuutumia pia katika mambo makubwa, na Eldoret imeyaona makubwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani katika mitaa na mashamba ya eneo hilo walishambuliana. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji, lilitiwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu ya watu waliishi katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Tume ya Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133 katika nchi nzima.

Baadaye wengi walirudi, na majirani wakaanza tena kuulizana habari za nyumbani. Na izingatiwe jinsi jambo moja linavyoweza kusemwa:

(14) Nyumba iliungua.
(15) Nyumba ilichomwa.
(16) Tulichomewa nyumba.

Sentensi ya (14) haina mtendaji kabisa. Ya (15) inakiri kwamba mtendaji yupo, ila hatajwi. Ya (16) inakiri yote mawili: yupo aliyechoma, na wapo waliochomewa. Mwenye nyumba akichagua (14) mbele ya jirani yake, anafanya kama mwenyeji wa kikombe katika (5): anamwondoa mtu katika sentensi ili waweze kuishi ua mmoja. Hiyo ni zawadi, na ni yake kuitoa au kutoitoa. Bali (14) ikisemwa na aliyewasha moto, ni ile (6) ya mgeni aliyejisamehe, nayo haifungui mlango wowote. Hali kadhalika hotuba zinazosema kwamba mambo yaliharibika na maisha yakapotea, pasipo kumtaja mtu, huchukua haki ya waliofiwa na kuitoa bure kwa niaba yao.

Kanuni ya kikombe, basi, haibadiliki kwa kuwa kilichovunjika ni kikubwa. Inakuwa ngumu zaidi kuifuata tu.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba kauli za vitenzi si maumbo matupu ya kukaririwa. Kutendeka humwondolea mtu lawama, kutendewa humpa aliyefikiwa na jambo nafasi ya mbele, na kutendana huwagawia wawili mzigo mmoja. Kila moja ina mwenye haki ya kuitumia. Mwalimu wa Kiswahili angefanya vyema kuongeza, kando ya jedwali la mnyambuliko, mazungumzo mafupi ya uani, na kumwuliza mwanafunzi si tu kitenzi hiki kiko katika kauli gani, bali pia nani anayekisema, na kwa nani. Mwanafunzi aliyezaliwa Langas au Huruma hatakosa jibu, kwa maana kanuni hii alikwisha kuisikia nyumbani kabla ya kuingia shule, siku ile kikombe cha jirani kilipovunjika.