Kiumbe Aliyenyimwa Ulimi

Majuzi, nyumbani Nyacheki, niliitazama pamoja na vijana wa shule filamu ya James Whale ya mwaka 1931, Frankenstein. Wote walidhani hilo ni jina la zimwi. La hasha! Ni jina la mwanasayansi aliyeunga viungo vya maiti akavitia uhai. Kiumbe mwenyewe hakupewa hata jina.

Linaloniudhi mimi, mwanaisimu, ni jingine. Katika riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, kiumbe huyo anajibanza katika kibanda kando ya nyumba ya akina De Lacey, anawachungulia kupitia ufa, na anajifunza lugha yao hata akaweza kumshtaki muumba wake kwa ufasaha. Whale alimpokonya maneno yote, akamwachia mngurumo. Maneno machache aliyapata katika filamu ya mwaka 1935, kwa mzee kipofu.

Kijana mmoja aliuliza: "Mwalimu, angejuaje kusema, na hakuna aliyemsemesha?"

Sikumjibu upesi. Utotoni nilivishwa kipande cha ubao shingoni kwa kosa la kusema Ekegusii shuleni. Tangu siku hiyo, kila nilipoulizwa swali darasani, nilichagua kunyamaza. Walimu wenzangu, kimya hicho mnakijua.