Nyumba ya Baba na Hesabu ya Uzee Wake

Miongoni mwa Waswahili waliohajiri Uingereza, na hususan wale waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 na kuzaa huko watoto ambao leo nao wana mvi, hakuna jambo lisemwalo kwa sauti ya chini kuliko kumpeleka mzazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwani kwetu mzee hufia mikononi mwa wanawe, na aliyemtoa mzazi wake nyumbani hunong'onwa arusini na matangani. Aibu hiyo naifahamu, wala siidharau. Lakini humzuia mtoto asiulize mambo mapema, hata siku baba aangukapo na daktari akasema hafai tena kuishi peke yake, ndipo swali la fedha linapoulizwa kwa pupa, kando ya kitanda cha hospitali.

Naye huuliza bei ya juma, ambayo katika England aghalabu hupita pauni 1,000. Linalotangulia, hata hivyo, ni kujua mzazi anamiliki nini. Mwenye mali ipitayo pauni 23,250 hujilipia yote. Akipungukiwa na hapo, halmashauri ya mji humchangia. Na akiba isiyozidi pauni 14,250 haiguswi, ingawa pensheni yake bado huhesabiwa. Baina ya mipaka hiyo, kila pauni 250 huchukuliwa kuwa ni mapato ya pauni 1 kwa juma, hivyo mwenye akiba ya 18,250 huchangia pauni 16 kwa ajili ya akiba hiyo. Mipaka hii haijasogezwa tangu mwaka 2010, ilhali kila kitu kimepanda, nami naiona kuwa ni dhuluma itendwayo kimya kimya. Na ile ahadi ya kwamba mtu asitozwe zaidi ya pauni 86,000 maishani mwake kwa utunzaji wa mwili ilifutwa Julai 2024, kabla haijamfaa hata mzee mmoja.

Uzito wote, basi, huiangukia nyumba. Ikiwa mama angali anaishi humo, au jamaa aliyetimiza miaka 60, au jamaa asiyejiweza, nyumba haihesabiwi; bali kama baba aliishi peke yake, huhesabiwa baada ya majuma 12 ya mwanzo. Si lazima iuzwe papo hapo, kwani halmashauri yaweza kulipa kwanza na kuandika deni juu ya nyumba, ila deni hilo aghalabu huwa na riba, na Mwislamu atakaye kulikubali ni heri amwendee shehe wake kabla ya kumwendea wakili.

Wako wanaodhani kwamba nyumba ikitolewa hiba kwa watoto na kupita miaka 7, mambo yamekwisha. Sivyo. Miaka hiyo ni ya kodi ya mirathi. Halmashauri haina kikomo cha miaka, na ikithibitika kwamba hiba ilikusudiwa kukwepa malipo, nyumba huhesabiwa kana kwamba ingali ya baba, naye mtoto aliyepewa aweza kudaiwa. Hiba iliyofanywa kwa mapenzi, wakati mzee ni mzima na hakuna dalili ya haja, ina hukumu nyingine. Ndiyo maana nia iandikwe, na tarehe iwekwe.

Fauka ya hayo, ikiwa haja kubwa ya mzee ni ya maradhi kuliko ya uzee tu, Huduma ya Taifa ya Afya hulipa gharama zote pasi na kutazama mali yake. Tathmini ya haja hiyo yapasa kudaiwa kabla mtoto hajatia saini karatasi yoyote, hasa ile imfanyayo kuwa mdhamini wa tofauti baina ya bei ya nyumba ya wazee na kile ilipacho halmashauri, maana bei hupanda kila mwaka na saini hubaki.

Mzee asaidiwaye na halmashauri huachiwa katika mapato yake zaidi kidogo ya pauni 30 kwa juma: za kunyolea, za kanzu mpya ya Idi, na za kumpigia simu dada yake aliyebaki Ng'ambo, kule Unguja.