Nia ya Mhusika na Utabiri wa Mtazamaji: Mjadala wa The Sopranos (Sehemu ya Pili)

Makala iliyotangulia ilieleza jinsi David Chase alivyoitunga The Sopranos na jinsi HBO ilivyoanza kuionyesha tarehe 10 Januari 1999. Leo tunaingia katika jambo lililoipa tamthilia hiyo maisha marefu kuliko vipindi vyake 86, nalo ni ubishi wa watazamaji. Hadi ilipomalizika tarehe 10 Juni 2007, ilikuwa ikionyeshwa Jumapili usiku, na Jumatatu Wamarekani wengi walifika kazini wakibishana juu ya mambo mawili. La kwanza ni nia: kwa nini Tony Soprano, mkuu wa genge la mafia la New Jersey, ametenda alilotenda? La pili ni utabiri: nani atafuata kuuawa, nani anawapasha habari FBI, nani atarithi uongozi. Watu huyachanganya mambo haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja. Ninavyoona mimi, utabiri usiosimama juu ya nia hauna msingi. Waliotabiri kwa kufuata desturi za sinema za mafia waliangushwa mara kwa mara, ilhali aliyemsoma mhusika kwa makini hakuwa mbali na ukweli, hata pale ambapo tukio lenyewe lilimshtua.

Tuanze na Mrusi, maana ndiye aliyewasumbua watabiri kuliko mtu yeyote. Katika kipindi cha tarehe 6 Mei 2001, kilichoongozwa na Steve Buscemi, Paulie na Christopher, watu wa genge la Tony, wanakwenda kuchukua fedha kwa Mrusi aitwaye Valery. Ugomvi unazuka, wanadhani wamemuua, wanampakia kwenye buti ya gari na kumpeleka msitu wa Pine Barrens kumzika. Kumbe yu hai. Anawazidi nguvu, anatimka, Paulie anamfyatulia risasi inayoelekea kumpata kichwani, na baada ya hapo haonekani tena, si katika kipindi hicho wala katika vingine vyote vilivyofuata. Kwa miaka sita watazamaji walimngoja. Walitabiri kwamba angerudi kulipiza kisasi, kwamba Warusi wangepigana vita na genge la Tony. Utabiri huo ulitegemea kanuni moja tu, kwamba kila kilichoachwa wazi sharti kifungwe, kama vile mtunzi ni mwenye duka aliyeandika jina la Valery katika daftari la mikopo. Lakini anayeuliza juu ya nia ataona upesi kwamba kipindi kile hakimhusu Valery. Kinawahusu watu wawili waliobaki ndani ya gari bovu, katikati ya theluji, wakilamba vipakiti vya kachumbari na sosi ya nyanya kwa njaa, mmoja akishuku kwamba mwenzake atamuua usiku ule. Paulie hawezi kukiri kosa. Christopher anatambua kwamba huyu aliyemtangulia katika kazi angemtoa kafara bila kusita. Chuki hiyo ndiyo iliyorudi. Mei 2007 Paulie anaendesha gari juu ya bustani ya nyumba ya Christopher na kuiharibu yote, baada ya Christopher kumtupa dirishani jamaa yake. Waliomtazamia Mrusi walikosa; waliomtazama Paulie walikuwa na la kutarajia.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi. Tarehe 18 Machi 2001 watazamaji walimwona Dk. Jennifer Melfi, daktari wa magonjwa ya akili anayemtibu Tony, akibakwa katika ngazi za maegesho ya magari. Mhalifu anakamatwa, kisha anaachiwa kwa sababu polisi walivuruga ushahidi. Kila mtazamaji alijua kilichowezekana: neno moja kwa Tony, na mtu yule asingeonekana tena. Mazoea ya sinema yalidai neno hilo litamkwe, na watu wengi wema, wenye uchungu wa haki, walilitamani kwa moyo wote. Melfi mwenyewe anakiri mbele ya tabibu wake kwamba anapata faraja kujua kuwa uwezo huo anao. Mwishoni Tony anamwona akilia na kumuuliza kama ana jambo la kusema. Anajibu kwamba hana, na kipindi kinakatika hapo hapo. Wapo waliolalamika kwamba hadithi haikumalizwa. Kwangu ilimalizika kabisa. Tangu kipindi cha kwanza Melfi ndiye mtu pekee anayekaa karibu na Tony bila kuchukua chochote kutoka mkononi mwake isipokuwa ada ya tiba. Angemwambia, angekuwa mteja wake, mdeni wake, na kila alichosimamia kingeporomoka. Jibu lake lilikuwa limeandaliwa kwa zaidi ya misimu miwili. Waliolikosa walikuwa wakijiuliza wao wangefanya nini, badala ya kuuliza yeye ni nani.

Sasa tuje kwa Ralph Cifaretto, mmoja wa watu wa genge la Tony, kwa maana hapa ubishi wa nia ulifika kina ambacho utabiri haufiki. Katika kipindi cha tarehe 10 Novemba 2002 zizi linaungua, na farasi Pie-O-My, ambaye Tony alimpenda kuliko alivyowapenda watu wengi, anakufa. Ralph alikuwa na bima ya farasi huyo. Tony anamtuhumu, Ralph anakana, wanapigana jikoni, na Tony anamuua kwa mikono yake. Je, Ralph ndiye aliyechoma zizi? Tamthilia haikusema kamwe, na wanaodai kujua wanajidanganya. Lakini swali hilo ni dogo kando ya lile la kwa nini Tony alimuua. Kundi la kwanza linasema ni kwa ajili ya farasi. Kundi la pili linakumbusha kwamba mwaka uliotangulia Ralph alimuua kwa kipigo Tracee, msichana mjamzito aliyecheza dansi katika klabu ya Bada Bing, na Tony hakuweza kumwadhibu kwa kifo kwa sababu Ralph alikuwa mwanachama kamili wa mafia na mletaji mkubwa wa fedha. Ushahidi wa kundi la pili uko mwishoni mwa kipindi: baada ya mauaji, Tony yumo katika chumba cha kuvalia cha klabu, na kwenye kioo imebandikwa picha ya Tracee. Mimi nasimama na kundi la pili, ila kwa sharti moja: farasi hakuwa kisingizio. Tony alimlilia farasi kweli. Huzuni ya Tracee, aliyoizuia kwa sababu ya fedha na kanuni za genge, ilipata mlango kupitia kwa mnyama ambaye hakuna kanuni iliyomkataza kumlilia.

Aliyeufikia uelewa huo mwaka 2002 alikuwa ameshika ufunguo wa jambo la kutisha zaidi. Mei 2007 Tony na Christopher wanapata ajali ya gari. Christopher, akivuja damu, anasema hawezi kupita kipimo cha dawa za kulevya. Tony anageuka na kuona tawi la mti limetoboa kiti cha mtoto mchanga kilichokuwa nyuma, kikiwa kitupu. Anaanza kupiga simu ya msaada, anaacha, kisha anamziba Christopher pua mpaka anakufa. Katika siku zinazofuata anakitaja kile kiti mara kwa mara, kana kwamba ndicho kilichotoa hukumu. Ni mwendo ule ule wa jikoni kwa Ralph: huruma kwa asiye na hatia, iwe mnyama au mtoto, inageuzwa kuwa kibali cha kumuua mtu mzima ambaye tayari alikuwa mzigo. Chase hakutuacha tukisie. Katika kipindi cha kabla ya mwisho, Melfi anausoma utafiti wa Yochelson na Samenow kuhusu tabia ya wahalifu, uliochapwa miaka ya 1970. Unasema kwamba mhalifu huonyesha upole kwa watoto wachanga na wanyama, na kwamba tiba ya mazungumzo humnoa tu. Melfi anaufunga mlango wa tiba baada ya kuusoma.

Kuna pingamizi la haki dhidi ya hoja hii. Baadhi ya watu husema kwamba mhusika si mtu. Hana akili wala siri, anafanya lile ambalo mwandishi anaamua, na mwandishi naye hutawaliwa na mambo ya nje. Nancy Marchand, aliyemwigiza Livia, mama yake Tony, alifariki mwaka 2000, na ikabidi msimu wa tatu upangwe upya. Nani angeweza kutabiri hilo kwa kusoma nia ya Livia? Hakuna. Nakubali pingamizi hili kuhusu matukio, na ndiyo sababu nasema utabiri wa matukio ni kazi dhaifu. Lakini tazama kilichotokea baada ya kifo hicho. Livia aliendelea kutawala tamthilia akiwa kaburini, kwa sababu swali alilolianzisha mwaka 1999 lilikuwa bado hai: alipomchochea Junior, ami yake Tony, amuue Tony, alijua anachofanya, au ni uzee na akili iliyovurugika? Mwaka 2006 Junior, akiwa amepoteza kumbukumbu, anampiga Tony risasi tumboni akidhani ni Malanga, mtu aliyetaka kumuua tangu msimu wa kwanza. Hata ugonjwa haukumpa nia mpya, ulichota ile ya zamani. Hapo mwandishi alijibana mwenyewe kwa tabia aliyoiumba, jinsi kila mtunzi wa kweli anavyojibana.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni mwisho wenyewe. Tony ameketi katika mgahawa wa Holsten's na mkewe na mwanawe, bintiye anahangaika kuegesha gari, mtu mwenye jaketi ya Members Only anaingia msalani, kengele ya mlango inalia, Tony anainua macho, na kioo kinakuwa cheusi kimya kwa takriban sekunde 10. Wengi walidhani televisheni zao zimekatika. Wanaosema kwamba amekufa wana ushahidi mzuri: kila kengele inapolia tunaonyeshwa kwanza uso wa Tony, kisha anachokiona, na mara ya mwisho anachokiona ni giza; na Bobby, shemeji yake Tony, wakiwa kwenye mashua miezi miwili kabla, alikuwa amedokeza kwamba huenda mtu hasikii kitu kifo kinapomjia. Chase mwenyewe, katika mazungumzo yaliyochapwa mwaka 2019 na mengine ya mwaka 2021, alizungumza kwa namna iliyowapa nguvu watu hawa. Ninakubaliana nao. Hata hivyo hapa kipimo changu cha nia hakisaidii kumtambua muuaji, kwa sababu Phil Leotardo, mkuu wa genge la New York lililokuwa likipigana na Tony, alikwisha kufa na genge hilo lilikwisha kupatana na Tony. Mtu wa jaketi hana sababu tunayoijua. Kinachosaidia ni jambo ambalo wabishi wa kifo hawakulitazama vya kutosha. Mezani pale A.J. anamkumbusha baba yake maneno yake ya zamani, kwamba wakumbuke nyakati njema. Tony aliyasema mwishoni mwa msimu wa kwanza, usiku wa dhoruba, familia yote ikiwa kimya ikimsikiliza. Sasa hayakumbuki, anadhani mwanawe anamkejeli. Miaka ya tiba, risasi ya tumboni na mauaji ya Christopher vimepita, na neno bora alilowahi kuwaambia watoto wake limetoweka kichwani mwake. Swali la kama Tony angebadilika limejibiwa dakika chache kabla ya giza, na limejibiwa kwa hapana.

Makala ijayo itamhusu Carmela, mke wa Tony, ambaye nia yake imebishaniwa kuliko ya mumewe. Msomaji anayekusudia kuifuata namshauri akitazame upya kipindi cha Aprili 2001 ambamo Dk. Krakower anamwambia achukue watoto na kumwacha Tony, kisha anakataa malipo yake kwa sababu hataki fedha yenye damu. Carmela aliyasikia maneno hayo, akarudi nyumbani, na wiki hiyo hiyo akamwomba mumewe fedha za mchango kwa ajili ya chuo anachosoma binti yao.