Je, Wajua? Jumba la Kifalme Linalolaza Wasanii

Villa Medici, jumba lililo juu ya kilima cha Pincio jijini Roma, ni mali ya Ufaransa. Kardinali Ferdinando de' Medici alilinunua mwaka 1576, Galileo akazuiliwa humo kwa muda baada ya kuhukumiwa mwaka 1633, na Napoleon akahamishia huko Akademia ya Ufaransa mwaka 1803. Washindi wa shindano la sanaa la Ufaransa, Prix de Rome, walipata humo chumba, posho na muda wa kufanya kazi. Nani angelalamika? Claude Debussy! Mtunzi huyo wa muziki alifika 1885, akanung'unikia malazi na chakula, akaondoka 1887. Shindano lilifutwa 1968, lakini vyumba havijafungwa: waandishi na wapiga picha nao hukaribishwa siku hizi.