Sumu Hupita Njia Gani?

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri kuukuu za magari kilianza kazi jirani kabisa na mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kilifungwa mwaka 2014. Moshi ukaisha, risasi ikabaki kwenye vumbi la uani na juu ya mabati. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo na ambaye mwanawe alikutwa na risasi mwilini, aliongoza wakaazi kwenda kortini. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na kuamuru eneo lisafishwe. Rufaa zikafuata, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirejesha fidia hiyo.

Lakini usafishaji uanzie wapi, na uchimbwe udongo wa kina gani? Hapo ndipo anapohitajika mtathmini wa uchafuzi wa ardhi.

Kuuliza tu kama udongo ni mchafu hakumfikishi mbali. Anatafuta sumu ilipo, njia inayopita, na mtu inayemfikia. Njia ikizibwa, sumu ile ile haimdhuru mtu. Ndiyo maana kiwanja kimoja kinaweza kufaa kuwa maegesho ya magari yaliyosakafiwa zege, na kisifae hata kidogo kuwa chekechea.

Kwa risasi, njia kubwa ni mkono wa mtoto kwenda mdomoni. Risasi hushikamana na udongo na hukaa kwenye sentimita chache za juu, pale pale watoto wanapochezea. Kwa hiyo chepe halizami sana: hukwanguliwa udongo wa juu, mlangoni, chini ya mchirizi wa bati, kando ya ukuta wa kiwanda, na pia mahali pa mbali ambako moshi haukufika, ili kiwepo cha kulinganishia. Jihadhari na mtu anayechanganya udongo wa uwanja mzima kwenye ndoo moja na kupima mara moja. Atapata wastani mzuri, na kipembe kibaya kitakuwa kimejificha ndani yake. Viwango vyenyewe navyo hubadilika: kwa miaka mingi Marekani ilitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo wa makazi kama alama ya kuchunguza zaidi, na Januari 2024 ikaishusha hadi 200.

Tindikali ya betri huharibu hesabu hiyo, kwa sababu udongo ukichachuka risasi huachia na kushuka chini. Sasa tuvuke hadi Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari ya Mkoani, Pemba, huko Zanzibar. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, chokaa huituliza tindikali na kuibana risasi. Mtu angedhani basi visiwa vyetu vimesalimika. Lakini mafuta hayajali chokaa. Dizeli iliyomwagika penye banda la jenereta au la kutengenezea mashine za boti hupenya nyufa za jiwe hadi kwenye maji ya kisima, ambayo katika visiwa vya namna hii ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi na kupanda na kushuka pamoja na bahari. Hapo sampuli moja ya maji haitoshi. Yachotwe bahari ikijaa na ikipwa, masika na kiangazi. Umeme wa Pemba nzima ulitoka kwenye jenereta za dizeli hadi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipoleta umeme wa bara, kwa hiyo swali la dizeli si la kubuni.

Kabla ya kupima chochote, aulizwe sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na wazee: banda lilisimama wapi, mapipa yalioshwa wapi, kisima gani kiliachwa na kwa nini. Majibu yao ndiyo yanayoamua mashimo yachimbwe wapi, na kwa jamii isiyo na fedha ya maabara yanaokoa gharama kubwa.

Ripoti nayo ina thamani ya pesa. Mwekezaji akiisoma peke yake, huweza kuomba kiwanja kwa bei ya ardhi chafu, akasafisha kipembe kidogo na kupangisha kiwanja chote kwa bei ya ardhi safi. Zanzibar ina mamlaka yake ya mazingira, ZEMA, chini ya sheria ya 2015. Nakala ya kwanza iende huko; ya pili, kwa Kiswahili na yenye ramani, ningetaka ikae kwa sheha.