Hewa safi ni kazi ya mtaa mzima

Ndugu mfanyakazi, kazini umefundishwa kuvaa maski penye vumbi, na kutoboa mwamba kwa maji ili vumbi lisiruke. Vema! Lakini je, ukivua maski na kurudi nyumbani, vumbi limekwisha? Hapana. Bibi yako na watoto wako hawana maski, nao wanavuta hewa ya mtaa mchana na usiku.

Sisi watu wa Katanga tumeona jambo hili kwa macho yetu. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wake wenye gesi ya salfa ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki, ukaangukia upande wa Penga Penga. Miti ikafa, ardhi ikabaki uchi. Uyeyushaji ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini shaba, risasi na kadmiamu zilibaki katika udongo, na upepo wa kiangazi unaurusha udongo huo. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walitia chokaa na mbolea, wakapanda majani yanayozoea udongo wenye shaba, nayo yakaota. Fundisho ni hili: ardhi iliyofunikwa haitoi vumbi.

VUMBI LISILOONEKANA

Vumbi kubwa hunaswa puani. Lile la hatari ni dogo mara 20 na zaidi kuliko unene wa unywele: linashuka mpaka ndani ya mapafu. Moshi wa makala na kuni unalo pia. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba moshi wa jikoni uliua watu milioni 3,2 duniani katika mwaka 2020. Kati yao, zaidi ya 237.000 walikuwa watoto wasiofika miaka 5.

FANYENI HIVI

1. Mbabula ikae nje, au chini ya paa lisilo na kuta. Usiiingize kamwe chumba cha kulala, hata wakati wa baridi. Makala yanayowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu analala asiamke tena.

2. Msichome plastiki, mipira wala nyaya. Maganda na majani yatiwe shimoni yawe mbolea.

3. Nyunyiza maji kabla ya kufagia lupango. Panda majani mahali palipo wazi, na miti kandokando ya njia.

4. Usikung'ute nguo za kazi nyumbani. Zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto. Watoto wanawe mikono kabla ya kula.

MSIFANYE KILA MTU PEKE YAKE

Ukiacha kuchoma takataka, na jirani anaendelea, moshi wake utaingia kwako. Kwa hiyo kusanyikeni, watu wa njia moja. Chagueni siku ya kuondoa takataka pamoja na zamu ya kumwagilia miti michanga. Wamama wawepo, maana wao ndio wanaokaa na moshi.

Kama malori yanatimua vumbi, au moshi wa kiwanda unashuka mtaani, wekeni daftari. Andikeni tarehe, saa, upande wa upepo, na nyumba zenye watoto wanaokohoa. Mpelekeeni mkubwa wa mtaa na delege wa wafanyakazi. Ombeni njia imwagiliwe na malori yaende polepole. Malalamiko ya mdomo yanasahauliwa upesi. Daftari la mwezi mzima ni vigumu kulikataa.

Na mtoto anayepumua kwa shida asingoje mkutano: apelekwe hospitali siku ile ile.

Ndugu msomaji, kidole kimoja hakiui chawa. Zungumza na jirani yako leo, kabla kiangazi hakijafika.