Pima kwanza, njo ulipe

Mwenzetu mumoja wa Kolwezi alimaliza miaka 14 mu karieri. Siku kampani ilimulipa feza ya mwisho ya kazi, ile tunaita dekonti finali, alikaa na bibi yake wakaigawa: nyumba, masomo ya watoto wadogo, na sehemu moja ya mutoto mukubwa, mwenye anafanya montaji ya video za ndoa na matanga. Kijana aliomba ordinatere ya mezani, ya kuunga kipande kwa kipande, juu ile iko na nguvu kuliko ya kubeba ya bei ile ile. Baba akakubali. Wiki tatu nyuma alifika ku biro yetu ya sindika na sanduku mikononi. "Bakamarade, masini inazimika yenyewe. Makuta njo imeisha."

Tuliifungua pamoja. Radiatere ya kupozesha prosesere ilikuwa inje ya sanduku, imefungwa na kamba. Na ile sehemu inayokaa juu ya prosesere haikulala sawa, ukigusa, inacheza. Prosesere ilikuwa inapanda mupaka digri 100, kisha inajizima ili isiungue. Kila kipande kilikuwa kizima. Vilikuwa tu havipatane. Muuzishaji alimwambia mutoto: "Hii inaingia ku zote." Hapana kweli. Hakuna kipozeo kinachoingia ku zote bila kuangalia.

Njo maana tunaandika. Mu makambi na mu cité, vijana wengi wanaunga ordinatere na feza ya jasho la wazazi wao. Sisi si wafundi wa elektroniki, lakini jambo hili mufanyakazi wa mine anaweza kulishika mbio.

Radiatere ya lori, lakini ndogo

Kipozeo cha maji kinafanya kazi sawa vile radiatere ya malori yetu makubwa. Kuna sahani inayokaa juu ya prosesere. Mara nyingi ni ya shaba, ile ile tunachimba, juu shaba inachukua joto mbio kuliko aluminiamu. Pompi inasukuma maji ndani ya mipira miwili mupaka ku radiatere. Pale ventilatere zinapuliza upepo, joto linatoka, maji inarudia. Kila dereva anajua: radiatere ya lori moja haiingie ku lori ingine kwa sababu tu zote mbili ziko na maji ndani. Ku ordinatere ni vile vile.

Jambo la kwanza: mashimo ya soketi

Prosesere inakaa mu kiti kinachoitwa soketi, na kila soketi iko na jina. Prosesere za Intel za kizazi cha 12, 13 na 14 zinakaa mu LGA1700, iliyotoka mwaka wa 2021. Kabla yake kulikuwa LGA1200. Mashimo ya kufungia kipozeo ku LGA1200 yameachana milimetre 75. Ku LGA1700 ni milimetre 78. Milimetre tatu tu! Lakini pale njo mutoto wa mwenzetu alianguka: kipozeo chake kilikuwa cha stoki ya zamani, hakina vyuma vya LGA1700. Akapanua mashimo na kisu. Tena prosesere mu LGA1700 inakaa chini kidogo kuliko mu LGA1200, kwa hiyo sahani haikuikandamiza vizuri.

Ku AMD, soketi AM4 na AM5 ziko na mashimo ya namna moja, lakini tahadhari: ku AM5, ya mwaka wa 2022, sahani ya nyuma ya karti-meri haitoke. Kipozeo kinachotumia ile ile sahani kitaingia. Chenye kinakuja na sahani yake ya nyuma kinaomba vyuma vingine. Basi, soma jina la soketi ku karti-meri, kisha tafuta jina lile lile ku karton ya kipozeo. Kama halimo, usilipe mupaka uone vyuma vyenyewe na macho yako.

Jambo la pili: radiatere na sanduku

Radiatere zinaitwa kwa kipimo cha ventilatere zake: 120, 240, 360, ao 140, 280, 420. Lakini ile namba si urefu wa radiatere yenyewe. Ya 240 inafika karibu milimetre 275, na ya 360 karibu milimetre 395, juu ncha zake ziko na nafasi ya maji na mipira. Mutoto wetu alinunua ya 360. Sanduku lake linabeba ya 240. Kamba ilitoka pale.

Pima na unene pia. Radiatere nyingi ziko na milimetre 27, ventilatere 25: jumla 52. Ukiiweka juu ya sanduku, inaweza kugonga RAM ndefu. Ukiiweka mbele, inakula nafasi ya karti ya picha kama ile ni ndefu. Sanduku la kweli linakuja na karatasi inayosema radiatere gani inaingia wapi. Iombe. Kama muuzishaji hana karatasi, chukua metre mufukoni. Mufanyakazi wa mine haone haya kupima.

Namna ya kuiweka iko na sheria moja: pompi isikae juu kuliko radiatere yote. Hewa kidogo iko mule ndani siku zote, na hewa inapanda. Ikijikusanya mu pompi, pompi inalia na joto halitoke. Hewa ikae juu mu radiatere.

Jambo la tatu: nyuzi

Pompi inaomba kuriani. Angalia kama karti-meri iko na nafasi yake, mara nyingi imeandikwa AIO_PUMP ao CPU_FAN. Vipozeo vingine vinaomba pia nafasi ya USB ya ndani, na waya wa SATA kutoka alimentasyo. Kwa mataa ya rangi, zile za pini tatu ni za volti 5, za pini ine ni za volti 12. Ukichomeka ya volti 5 ku volti 12, mataa inaungua. Na kabla ya kufunga sahani, tosha plastiki inayofunika shaba. Hii kosa ndogo imezimisha masini nyingi.

Swali lenye halikuulizwa

Tulipomaliza kuangalia, tuliuliza kijana: "Prosesere yako ni gani?" Ilikuwa Core i5-12400. Kiwango chake cha kawaida ni wati 65, na ikikaza inafika 117. Ventilatere ya kawaida, yenye chuma na isiyo na maji, inaitosha. Maji inafaa kwa prosesere kubwa: Core i9-14900K inafika wati 253. Tena, maji haiwezi kushusha joto chini ya joto la chumba. Mwezi wa kumi, chini ya mabati ya Kolwezi, hakuna kipozeo kinachokuletea baridi. Kusafisha mavumbi mekundu mu radiatere kunasaidia kuliko kulipa bei kubwa.

Kipozeo hakikurudishwa, muuzishaji alisema karton imefunguliwa. Dolare 110 zilienda. Tulichanga kidogo, tukanunua ventilatere ya kawaida yenye vyuma vya LGA1700, kijana akaifunga mbele yetu. Masini haizimike tena, na juma lile lile alimaliza video ya ndoa.

Ile radiatere ya 360 iko mu biro yetu, juu ya kabati. Muzazi akifika na dekonti finali mufukoni, tunaishusha na kumuonyesha. Kisha tunamupa karatasi ya mistari ine: jina la prosesere, jina la soketi, vipimo vya sanduku, nafasi za nyuzi ku karti-meri. Ijaze nyumbani na mutoto wako. Peleka ile karatasi ku duka, na muuzishaji aandike ku fakture: "kinapatana na hizi." Akikataa kuandika, toka na feza yako.

Mu mine hatuingie mu shimo mbele ya kuangalia paa. Ku duka, tufanye vile vile.